Samaki wa Sebuleni Kwangu

Jumamosi, 8 Februari

Siku ya tatu ya kusugua tangi. Bado linanuka mafuta ya kupikia. Sabuni haifai, sabuni ni sumu kwa samaki hata ikiwa chembe. Kwa hiyo majivu, chumvi na maji moto. Niliingia ndani miguu mitupu kama mtoto anayeogeshwa kwenye beseni. Nimetoka sina hamu.

Ni nusu ya tangi kubwa jeupe, yale yanayokuja na kizimba cha vyuma. Yves, mtoto wa rafiki yangu Godelive, alilipata kwenye ghala moja Masoro wakalikata kwa msumeno. Wanaume wanne waliliingiza sebuleni. Meza ya chakula imehamia chumba cha binti yangu Aline. Tangu aolewe chumba kile hakina kazi.

Nje haikuwezekana. Mkuu wa mudugudu, yaani mtaa wetu, alisema maji yaliyotuama uani ni mbu. Nilimweleza kwamba samaki hula viluwiluwi vya mbu. Akanitazama kama niliyemwambia paka hufuga panya. Tena kuna mwewe. Basi, ndani.

Wazo ni la Godelive. Anasema tangu nistaafu naongea na redio. Ni kweli. Lakini Kiswahili cha redio za siku hizi nani atakivumilia kimya?

Alhamisi, 13 Februari

Maji ya bomba yalikuja asubuhi. Nimejaza kwa mpira hadi shubiri moja chini ya ukingo. Yananuka dawa. Yatakaa wazi siku kadhaa mpaka dawa itoke.

Chujio ni ndoo tu. Chini mawe ya amakoro, yale meusi ya volkeno yenye matundu, juu yake sponji. Pampu inavuta maji tangini, yanapita ndooni, yanarudi. Inanguruma kidogo. Nyumba ina sauti sasa.

Hesabu za ujazo kapiga Godelive. Alifundisha hisabati miaka yote tuliyokuwa shule moja, mimi nikifundisha Kiswahili. Nilipofika kutoka Karagwe nilikolelewa, Kinyarwanda changu kilikuwa cha bibi zangu. Nikiagiza chai watu wanacheka. Godelive ndiye aliyenishika mkono. Nami nikamfundisha Kiswahili. Hadi leo ndicho tunachozungumza sisi wawili, ingawa Kinyarwanda sasa nakijua sawasawa. Kimekuwa lugha ya urafiki wetu.

Bado anasema "chakura", bado anasema "kurara". Miaka ishirini na ushee nasahihisha, masikio yake ni jiwe. Ananiita Mwarimu, kwa r. Hiyo nimeiacha.

Jumamosi, 22 Februari

Umuganda asubuhi, ile kazi ya pamoja ya mtaa. Nimelima mtaro na majirani mpaka saa tano. Kisha na Godelive kwenda Muhima, kwa yule bwana mwenye duka la samaki wa mapambo. Samaki wa dhahabu sita nimenunua mimi. Koi wanne, wale samaki wa rangi wa kwenye mabwawa ya mapambo, kanunua Godelive. Nilikataa, akasisitiza. "Mwarimu, nakupatia kazi," akasema. Tukacheka wote wawili.

Koi ni wadogo, urefu wa kidole. Mmoja wa chungwa mwenye kofia nyeusi. Mmoja mweupe mwenye doa jekundu utosini. Mmoja wa dhahabu mwili mzima. Mmoja wa kijivu, hana sura, nadhani walimpa kujaza idadi.

Mfuko umeelea juu ya maji robo saa ili wazoee baridi, kisha nikawaachia. Wote wakakimbilia pembe moja wakarundikana. Darasa la kwanza siku ya kwanza.

Jumatano, 26 Februari

Wawili wamekufa. Samaki wa dhahabu. Niliwakuta asubuhi wamelala ubavu.

Maji yamekuwa meupe, kama maziwa yaliyotiwa maji. Nimesoma mpaka macho yakauma. Kosa ni langu. Tangi jipya halina wale wadudu wasioonekana wanaosafisha uchafu wa samaki. Maji yanatakiwa kukomaa kwanza. Nami nikatia samaki kumi kwa mpigo, kwa pupa.

Dawa yake ni uvumilivu na ndoo. Kila asubuhi natoa ndoo nne, natia nne zilizolala wazi. Chakula kidogo sana. Nina hasira na nafsi yangu. Nimewazika uani, chini ya ule mpapai mwembamba usiozaa.

Jumamosi, 15 Machi

Maji yamekomaa! Naona mpaka sakafu ya tangi. Vijikaratasi vya kupimia vimetoa rangi ninayoitaka, siku tatu mfululizo. Hakuna mwingine aliyekufa. Najisikia kama mtu aliyefaulisha darasa zima.

Godelive na Yves walikuja kuona. Yves alizunguka tangi mara mbili, macho kwenye simu. Godelive alipiga video. Alitaka nitie chakula ili wapande juu. Wakati huo walikuwa wameshashiba, hawakupanda. Akakunja uso kidogo. Kisha akasema, "Zikikura nitakuja kuchukua, sindiyo?"

Makosa mawili katika neno moja. Kwanza haisemwi "zikikula", husemwa "zikila". Pili, hiyo r. Na samaki ni "wa", si "zi", lakini hilo tuliache. Nikamwambia karibu, chukua zote unazotaka, wanakula saa mbili asubuhi na saa kumi jioni. Akamwangalia Yves. Akanishukuru, akanishika mikono yote miwili. Nikashangaa kidogo, shukrani zote hizo kwa ajili ya kuchukua video.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua ya mawe saa nane mchana. Umeme ukakatika. Pampu kimya.

Saa tisa samaki walikuwa juu, midomo wazi, wanahema. Nikachukua jagi. Nachota, nainua, namwaga, ili hewa iingie majini. Nachota, namwaga. Mkono wa kulia ukafa ganzi, nikahamia wa kushoto. Nikampigia Godelive. Alikuja na moto, pikipiki ya abiria, katikati ya mvua, kalowa mpaka kwenye mfupa. Akachukua jagi mkononi mwangu akaanza kumwaga. Tulipokezana mpaka umeme uliporudi saa kumi na mbili kasoro. Kwenye zamu zake alikuwa akiimba nyimbo za kwaya.

Hakuna aliyekufa.

Naandika hili nisije nikalisahau. Ndugu si lazima mzaliwe tumbo moja.

Jumamosi, 17 Mei

Godelive kaja na rula. Rula ya shuleni, ile ya mbao. Aliizamisha majini na kusubiri koi wapite karibu. Nilicheka mpaka machozi. Mwalimu wa hisabati hastaafu. Wa kijivu ndiye mrefu kuliko wote, nani angedhani. Amefika nusu rula.

Akaandika vipimo kwenye simu. Samaki wa dhahabu hakuwapima. Nikamuuliza mbona anawabagua. Akasema hao hawana haraka.

Jumapili, 6 Julai

Leo wa kijivu kala mkononi. Nimekaa nusu saa mkono majini, vidole vimekunjamana, nikakaribia kukata tamaa. Akaja. Mdomo wake hauna meno, unanyonya tu. Wengine wakafuata.

Nimefurahi kupita kiasi. Nimempigia Aline kumweleza, akasema, "Mama, ni samaki." Najua ni samaki.

Jumanne, 22 Julai

Godelive kaja kupiga video tena. Ya kulisha kwa mkono. Alitaka mkono tu, sura hapana, akasema mwanga wa dirishani haufai kwa sura. Sawa. Sura yangu haina deni na mtu.

Ijumaa, 15 Agosti

Sikukuu ya Mama Maria. Nimetoka misa nimetulia, nimekunywa chai, nimeketi kando ya tangi. Nikafungua simu. Picha na video watu wanazobandika mtandaoni si kawaida yangu kuzitazama. Leo nimetazama. Ya Godelive.

Ni mkono wangu. Kovu la pasi liko pale pale juu ya kifundo. Samaki wangu wananyonya vidole vyangu. Chini ameandika kwa Kinyarwanda: Amafi yacu arakura neza. Umukozi wacu arayitaho.

Samaki wetu wanakua vizuri. Mfanyakazi wetu anawatunza.

Nimesoma mara tano. Umukozi. Neno hilo hilo analomwitia msichana anayemfulia na kumpikia. Si tusi, kazi si tusi, mama yangu amelimia watu Karagwe. Lakini mimi si umukozi wake. Mimi nilimshika mkono mumewe alipokuwa anakata roho. Mimi ndiye msimamizi wa ubatizo wa huyo Yves.

Watu wanabandika mioyo chini yake. Mmoja kauliza bustani inafunguliwa lini. Bustani gani?

Jumamosi, 16 Agosti

Sikumpigia. Kanipigia yeye, sauti ya furaha.

"Mwarimu, Jumamosi ijayo tunakuja kuchukua."

"Kuchukua nini?"

"Samaki! Zimekura."

Nikamjibu bado, nitawapa saa kumi. Akacheka. Akasema hapana, zimekura, zimekuwa kubwa. Yves anafungua bustani yake ya kunywea kahawa Kibagabaga, bwawa liko tayari, maji yamekaa mwezi mzima. "Si nirikuambia? Zikikura nitachukua. Ukasema karibu, chukua zote. Yves arisikia."

Nilikaa chini.

Gukura. Kwa Kinyarwanda ni kukua. Mtoto wa chekechea anajua. Mimi najua! Jana nimelisoma kwenye simu, arakura, na halikunigonga. Hakusema zikila. Alisema zikikua, akachomeka r ya nyumbani kwao. Kosa lilikuwa herufi moja tu, nami kwa ujuzi wangu nikasahihisha mbili. Nikatoa ruhusa kwa swali ambalo sikuulizwa.

Nikamuuliza: na umukozi, hilo nalo nimesikia vibaya?

Akasema ni maneno ya biashara tu. Watu wa kwenye simu hawataki hadithi ndefu. Ukiandika rafiki wataanza kuuliza rafiki gani.

Nikakata simu. Rafiki lina r. Hilo angelitamka bila kosa.

Jumapili, 17 Agosti

Sikwenda misa.

Narudia kila kitu. Tangi la Masoro. Nani aliuliza kama sebule yangu ina nafasi? Rula. "Hao hawana haraka." Nakupatia kazi, Mwarimu. Alisema wazi tangu Muhima, nikacheka. Siwezi hata kusema alinificha. Alisema kila kitu mbele ya uso wangu, na kimoja tu ndicho hakusema: kwamba samaki ni wa Yves tangu siku ya kwanza. Miezi sita na zaidi, kila Jumamosi, chai yangu anakunywa, bustani hajaitaja. Mtu hasahau kutaja bustani.

Na ile mvua ya mawe. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Kuja kalowa vile. Nilidhani ananiokoa mimi. Alikuwa anaokoa mali ya mwanawe. Zile nyimbo za kwaya natamani nisingezisikia.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimeifundisha methali hiyo miaka yote, mfano wangu ubaoni ulikuwa chawa. Wanafunzi wakicheka. Hapo angalau kula ni kula.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimeamua simpi. Alinunua koi wanne wa kidole. Hao akawachukue Muhima, wapo. Hawa wa shubiri nzima na nusu ni wangu, kwa ndoo, kwa jagi, kwa mgongo. Aje na Yves, aje na mkuu wa mudugudu. Nitafunga geti.

Nimefurahi siku nzima kwa hasira hiyo. Ni furaha chafu lakini ni furaha.

Jumanne, 19 Agosti

Nimechukua futi ya fundi cherehani nikapima tangi. Mita moja na kidogo. Koi aliyekua sawasawa hufikia urefu wa mkono, kuanzia kwapa mpaka vidole. Nililijua hili tangu mwanzo, nilisoma siku ile ile niliyosoma habari za sabuni. Nikaliweka pembeni. Bado wadogo, nikajiambia.

Wa kijivu anafika ukingoni kabla hajamaliza kukata kona. Anageuka kwa kujipinda. Nimemtazama saa nzima, anageuka, anageuka.

Nikifunga geti, ninamkomoa nani?

Nimelia. Si kwa ajili ya samaki peke yao.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimemwandikia Godelive ujumbe. Jumamosi saa tatu asubuhi, Yves aje na mifuko mikubwa minene na gari lisilo na jua ndani. Koi tu. Kwa Kinyarwanda. Nimeandika polepole, nikahakikisha kila herufi.

Amejibu kwa Kiswahili. Asante sana Mwarimu, Mungu akubariki.

Ijumaa, 22 Agosti

Sikuwalisha. Samaki anayesafiri hasafiri na tumbo limejaa, atachafua maji ya mfukoni na kujiua mwenyewe. Saa mbili walipanda juu wakanisubiri. Saa kumi tena. Nimekwenda kukaa jikoni na kufunga mlango.

Jumamosi, 23 Agosti

Walifika saa tatu kamili. Yves alitaka kuwakamata kwa wavu, juu juu, kama anayevua sambaza, wale dagaa wa ziwani. Nikamnyang'anya. Koi mkubwa hainuliwi kwa wavu, atavunja magamba. Unamwongoza taratibu mpaka aingie kwenye beseni, kisha beseni kwenye mfuko. Nimefanya yote mwenyewe. Wa kijivu wa mwisho. Hakunisumbua, aliingia beseni kama aliyeitwa.

Godelive alisimama mlangoni muda wote na mkoba wake kifuani. Hakukaribishwa kiti, na yeye hakukiomba. Nilipofunga mfuko wa mwisho akasogea, akanifungulia mikono. Nilikuwa nimelowa mpaka viwiko. Nikasema nitakulowesha. Akasema, "Hakuna shida, Mwarimu." Nikaendelea kukunja wavu mpaka aliposhusha mikono.

Yves alinishukuru kwa Kinyarwanda, kwa heshima zote, kama mtu anavyomshukuru fundi.

Nilimpa karatasi. Kiasi cha chakula, siku za kubadili maji, nini cha kufanya umeme ukikatika. Akaikunja akatia mfuko wa suruali. Sijui kama ataisoma.

Jumatano, 27 Agosti

Samaki wa dhahabu wanne katika maji yote yale. Wanaogelea upande mmoja tu, karibu na chujio.

Aline anauliza kwa nini siongei. Nimemwambia nina mafua.

Jumamosi, 6 Septemba

Jumamosi ya pili bila Godelive. Nimegundua siku nzima sijatamka neno moja la Kiswahili. Sokoni Kinyarwanda, kwa majirani Kinyarwanda, Aline kwenye simu Kinyarwanda. Nimekiandika tu, hapa.

Hilo sikulitarajia. Nilidhani nitawakosa samaki.

Jumapili, 14 Septemba

Baada ya misa nimepanda moto mpaka Kibagabaga. Sikumwambia mtu. Nimejiambia nakwenda kunywa chai kama mtu mwingine yeyote, na chai nikanywa.

Pazuri. Lazima niseme ukweli. Bwawa la mawe, refu, maji yanashuka kutoka ukutani. Kivuli cha kutosha. Godelive sikumwona, na nilitazama. Yves alikuwa ndani anahesabu glasi, hakuinua kichwa.

Nikaenda kusimama kando ya bwawa. Wa dhahabu alikuwa mbali na yule mwenye kofia. Mweupe chini ya maporomoko. Wa kijivu alikuja. Amenenepa. Alipita mbele yangu moja kwa moja, bila kujipinda, akaenda mpaka mwisho wa bwawa, ni mbali, akageuka polepole akarudi. Nadhani ni kivuli changu tu, samaki hufuata kivuli cha yeyote. Nikachuchumaa.

Binti mmoja mwenye aprini akaja mbio na trei tupu. Mdogo, mpole, Kiswahili chake cha Uganda. Akainama kwa adabu.

"Samahani, Mama. Wageni hawaruhusiwi kulisha samaki."

Nikamwambia sina chakula, mwanangu. Nikamfungulia viganja vyote viwili aone.